Ubuyu, Asali na Mbio za Debora

Sisi tuliokulia Zuzu, miaka ile treni ikipiga honi tunaacha kila kitu na kukimbilia kuwapungia mikono watu tusiowajua, hatukujua kama kukimbia ni mazoezi. Ukitumwa chumvi dukani, unakimbia. Mbuzi wakiingia shamba la watu, unakimbia. Jioni tulicheza rede mpaka anayerusha mpira haonekani tena, imebaki sauti yake tu, na vumbi jekundu lililoning'inia hewani kana kwamba nalo limekataa kwenda kulala. Nikifumba macho leo bado nalisikia vumbi lile puani. Nasikia na harufu ya mlenda jikoni, na ule upepo wa kipupwe unaopasua midomo, ukipita taratibu kwenye mabua ya uwele yaliyokwisha kuvunwa.

Katika sisi wote, aliyekimbia kweli alikuwa dada yangu Debora. Alikuwa darasa la sita, mimi la tatu. Mrefu, miguu myembamba, na akishaanza kukimbia uso wake unatulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya jirani. Nilipenda kukaa kwenye tuta la reli nikimtazama anavyokuwa mdogo, mdogo, mpaka anakuwa kinukta cheusi kwenye mwanga wa jioni, halafu anaanza kukua tena akirudi.

Mwaka huo shule ilimchagua kwa mbio ndefu za wasichana. Mashindano ya kwanza, ya kujipima tu kabla ya yale ya kata, yalifanyika mchana, jua la utosi. Debora aliongoza muda mrefu, kisha tukaona anaanza kuyumba, anavuta mguu mmoja, na kabla hajamaliza akaanguka. Alipozinduka alitapika, misuli ya miguu imekaza kama kamba. Akarudishwa nyumbani kwenye keria ya baiskeli, mwalimu akisukuma, mimi nimemshikilia mgongo.

Baba alikuwa uani ananoa jembe. Alimshukuru mwalimu kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka njiani, aliporudi sura imebadilika.

"Nimeletewa mtoto kama gunia la mtama," alisema. "Huyu hakimbii tena. Mashindano ya kata wataenda wenye roho mbili."

Debora hakulia mbele yake. Alingoja tuingie ndani, akageukia ukutani, na mimi nikawa naona mabega yake tu yakitikisika. Nikamwekea mkono mgongoni, tukakaa hivyo mpaka mama alipotuita kula.

Mama yetu hakuwa mtu wa kubishana. Alisubiri asubuhi, baba akiwa ameshika kikombe cha uji, tumbo limeanza kupata joto.

"Baba Debora, mtoto hakuishiwa nguvu. Aliishiwa maji."

"Maji? Si alikunywa kabla ya kutoka hapa?"

"Alikunywa maji matupu. Jasho linatoka na chumvi. Hujaona shati lako ukitoka kwenye shamba la zabibu linavyobaki na michirizi myeupe?"

Baba akaliangalia shati lake lililoanikwa kwenye kamba.

"Nesi wa zahanati alitufundisha," mama akaendelea. "Mtoto akiharisha, mpe maji yenye sukari na chumvi. Sasa jasho nalo si maji yanayomtoka mtu? Niache nijaribu mpaka siku ya kata."

"Akiyumba mara moja tu mbele ya macho yangu, basi."

"Basi," mama akasema, akainuka kuosha vikombe.

Kuanzia siku ile uani kwetu kukawa na shughuli. Mama alikuwa na ubuyu wa kutosha, kwa kuwa ndio ulikuwa msimu wake. Alichemsha maji, akayapooza mtungini, akaloweka ubuyu na kuukoroga kwa mwiko mpaka unga wote ukaachia mbegu na maji yakawa meupe kama tui. Kuchuja kulikuwa kazi yangu, na mbegu zilizobaki kwenye chujio zilikuwa mshahara wangu. Nilizinyonya moja moja nimeegemea ukuta wenye joto la jua, ukali wake ukinifumba jicho moja, na sijui kama nimewahi kuwa tajiri kuliko siku zile.

Lakini chungu cha kwanza kilishindikana. Mama alitia chumvi kwa mkono wa kupikia mboga, Debora akarudi kutoka mbio zake za jioni, akapiga mafunda mawili, akayarudisha yote kwenye mchanga. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alikohoa tu. Kikohozi kile kilisema mengi.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, Mama Salimu. Alikuwa ameolewa Zuzu akitokea Chemba, na nyumbani kwao walisema ile lugha ambayo katikati ya neno ulimi unaalika kama kijiti kikavu kikivunjika. Sisi watoto tulijaribu kumwiga tukaishia kujitemea mate, naye anacheka mpaka khanga inamwanguka. Ndugu zake walikuwa watu wa mizinga, hivyo asali haikukauka kwake. Alionja ubuyu wa mama akakunja uso.

"Mama Debora, huyu mtoto unamkaanga? Chumvi iwe kama ya machozi, isizidi hapo. Na utie asali, ubuyu mtupu unamkausha koo."

Mama akacheka, akaanza upya. Mara hii asali ikazidi, Debora akalalamika tumbo linavuruga. Wakapunguza. Wakaonja, wakatazamana, wakaongeza maji. Jioni baada ya jioni wale wanawake wawili waliinamia sufuria moja, mwanga wa machweo umewapaka rangi ya shaba, wakipokezana kijiko, na Debora akitokea kwa mbali kwenye tuta la reli. Alikunywa kidogo kidogo akiwa bado anatembea, maana mama alimkataza kukaa chini ghafla. "Tembea kwanza," alikuwa akisema. "Mwili nao unahitaji kuambiwa kwamba safari imekwisha."

Miguu ikaacha kukaza. Debora akaanza kurudi akiwa anaimba.

Baba aliendelea kututazama tu kutoka kwenye kigoda chake. Ila siku moja mama alikuta kibuyu cha kinywaji kimepungua mpaka nusu. Akatuita mimi na Debora, akatuuliza kwa ukali, tukaapa kwamba si sisi. Tukiwa bado tunajitetea, baba akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani, amelowa jasho, na kwenye masharubu ana mstari mweupe wa ubuyu.

Mama alimtazama, akatazama kibuyu, akageukia ukuta ili asicheke mbele ya watoto.

"Zabibu za leo zilikuwa na jua," baba akasema. Akapita. Mlangoni akasimama. "Debora. Siku ya kata nitakuja kukuangalia."

Siku hiyo ilifika na upepo wake. Mama alibeba kibuyu kichwani, baba alitangulia, amevaa shati la kanisani. Debora alikunywa kidogo kabla, akafuta mdomo, akaenda mstarini. Sikumbuki vizuri mbio zenyewe. Nakumbuka vumbi, na mkono wa mama uliokuwa umeushika wangu ukizidi kukaza kila walipozunguka. Wasichana wawili wakubwa walimpita mzunguko wa mwisho. Nilimtazama baba. Alikuwa hatazami waliotangulia, anatazama miguu ya mwanawe, anangoja iyumbe.

Haikuyumba. Debora alikuwa wa tatu. Alivuka mstari akaendelea kutembea, mikono kiunoni, akaja moja kwa moja kwa mama na kunyoosha mkono apewe kibuyu.

Njiani kurudi watu walitusalimia, "Mbukwenyi!", wakauliza mtoto amekuwa wa ngapi. Baba ndiye aliyekuwa akijibu, kwa sauti iliyofika mpaka upande wa pili wa reli.

"Anarudi kwa miguu yake!"

Wa ngapi, hakuwaambia.

Debora hakuwa mwanariadha wa taifa. Alisoma, akaolewa Gulwe, amezaa, magoti yanamsumbua. Mama na baba wamepumzika. Mama Salimu alirudi kwao Chemba baada ya mumewe kufariki, na sijui nani anamchekesha huko.

Mimi sasa nakaa Nkuhungu. Binti yangu yuko kwenye kikundi cha mbio za Jumamosi, wana fulana za rangi moja na viatu vinavyong'aa. Wanapiga picha kabla ya kukimbia, wanapiga picha baada ya kukimbia, hapo katikati ndipo sina hakika. Hurudi na chupa ya kinywaji cha bluu, bluu ya sabuni ya kufulia, ananiambia kinarudisha madini mwilini. Nikiuliza kimetengenezwa na nini, ananisomea maneno ambayo hata yeye yanamkwaza ulimi.

Wiki iliyopita niliamka mapema nikaloweka ubuyu. Nikachuja, nikatia asali, nikabana chumvi kwa vidole viwili, nikauweka mezani umefunikwa sahani. Akaingia anahema, simu mkononi, akanywa bila kuuliza. Akashusha bilauri, akanitazama.

"Mama, hii nzuri. Inauzwa wapi?"

Nikacheka, nikamwambia haiuzwi. Akainua mabega, akaenda kuoga.

Nilibaki pale mezani nikiwaza wenzangu tuliokua zama zile. Tulikuwa na viatu? Hatukuwa navyo. Saa ya kupima mwendo? Hata ya ukutani hatukuwa nayo. Lakini sikumbuki hata siku moja mtoto wa kwetu aliyerudi kutoka mbio akakuta hakuna mtu uani. Hawa wetu wanarudi wamechoka kama tulivyochoka sisi, wanafungua friji, na taa ya ndani ya friji ndiyo inayowapokea.