Helikopta na Mkono Wangu wa Kushoto

Ugonjwa uliponiangusha na kunipoozesha upande mmoja, daktari alimwambia mke wangu amshukuru Mungu kwamba angalau mdomo umepona. Mke wangu akajibu kuwa mdomo ndio angependa upumzike kidogo. Kilichobaki kibovu ni mkono wa kushoto. Unashika, unainua kikombe, lakini hautulii.

Mwingine angesema si neno. Hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, ninatengeneza redio na paneli za sola, na kazi hiyo mkono wa kulia unaimudu. Lakini nina helikopta ndogo ya rimoti, niliyotumiwa na mdogo wangu aliyeko ng'ambo, nayo hupanda na kushuka kwa kijiti cha kushoto. Kijiti hicho kimoja kinaamuru mambo mawili: nguvu ya mota, na jinsi mapanga ya juu yanavyoinama kukata hewa. Ndani ya rimoti, kwenye kioo chake, kuna mistari miwili inayosema, kijiti kikifika hapa, mota ipewe kiasi gani na mapanga yainame kiasi gani. Mistari yangu niliichora ikipanda wima, kwa sababu nilipenda helikopta iruke nikigusa tu.

Kuipanga mistari hiyo kunataka watu wawili. Mmoja anashika kipimo cha mwinamo kwenye panga, mwingine anasogeza kijiti. Miaka yote huyo mwingine alikuwa mke wangu, ameketi kwenye cherehani yake, waya wa mota umechomolewa mapanga yasizunguke, rimoti iko magotini, nami namwambia: "Panda kidogo. Katikati. Shuka." Alikuwa akipiga miayo waziwazi, wala sikudhani anasikiliza.

Nilipopata nguvu kidogo niliipeleka ufukweni. Nilikuwa nimebakiwa na pea moja tu ya mapanga. Yakivunjika, kuruka kwangu kumekwisha, maana mdogo wangu naye mambo yamemkalia vibaya na sikuwa na uso wa kumwomba tena. Helikopta ikaruka kama panzi, ikagonga mchanga, ikaruka tena, ikazisogelea ndagala, dagaa wa hapa ziwani, zilizoanikwa na kuzirushia vumbi.

"Papa, peleka ndege yako kule!" mama mmoja akapiga kelele. "Unataka batu bakule muchanga?"

Nikazima. Mapanga yalikuwa mazima kwa bahati tu. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikatangaza kwamba naiuza, na mtu asiniulize.

Mke wangu hakuuliza. Alichukua rimoti, akaiwasha, akafungua ukurasa wa mistari bila kubahatisha.

"Hii mistari uliipimia mukono ya zamani," alisema.

"Mukono itarudia vile ilikuwa."

"Ikirudia, tutarudisha mistari. Mutu akikonda, mi simuambii anenepe ili robe yake imukae. Napunguza robe kwa cherehani."

"Itakuwa helikopta ya mugonjwa."

"Na we uko nani?"

Nilikasirika, kisha nikachomoa waya wa mota na kutafuta kipimo. Mstari wa mota tuliulaza sehemu yote ya katikati, ili mapanga yazunguke kwa kasi ileile hata kijiti kikiyumba. Mstari wa mwinamo ulitupa kazi zaidi. Kwanza tulitafuta kwenye mstari wa zamani mwinamo unaoibeba helikopta bila kupanda wala kushuka, tukauweka katikati, halafu tukazivuta nukta za mstari zilizo jirani zikaribiane nao. Mkono ukitetemeka hapo, mapanga hayajali. Ukitaka kupanda kweli, usukume kijiti mbali. Mwishowe tulibadilishana: yeye akashika kipimo, mimi nikashika kijiti. Akautazama mkono wangu unavyocheza, akasema tulaze tena kidogo. Tangu niugue, hakuna mtu aliyewahi kuutazama mkono ule kwa muda mrefu hivyo bila kunionea huruma, na kwa hilo peke yake namshukuru hadi leo.

Jumapili, baada ya kanisa, tulikwenda kijiji cha Lweba, kwenye shamba la kaka yake ambalo mihogo yake ilikuwa imekwisha kung'olewa. Tulimpitia kwanza mkubwa wa kijiji kumjulisha kwamba kitakacholia juu ni mchezo wetu, kwa kuwa siku hizi za vita watu wakisikia kitu kinanguruma angani hukimbia bila kungoja kuuliza ni nini.

Nikapiga moyo konde, nikasukuma kijiti. Mapanga yakashika kasi. Helikopta ikaacha udongo, ikafika usawa wa kifua, ikasimama. Niliutazama mkono wangu: unatetemeka vilevile. Helikopta haikutetemeka. Machozi yakanitoka na sikuyaonea haya. Nikageuza shingo nimtafute mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Aksanti, Mama," nilimwambia.

"Usiniangalie mi," akasema. "Angalia ndege."