Majina ya Wanawake wa Nyamurusi

Nilisafiri kwa hasira. Karani mmoja mjini Musoma, ambako ninashona sare za shule, alifungua orodha ya vitongoji, akapitisha kidole juu mpaka chini, akaniambia Nyamurusi, nilikozaliwa, haimo.

"Pale ni mwalo tu, dada. Wavuvi wanakuja, wanaanika dagaa, wanaondoka."

Mwezi ujao kikao cha halmashauri kingeamua kama watu wa pale wahamishwe. Nikitaka kubisha, nilete ushahidi wa historia. Historia! Kama vile sisi tuliota juzi kama uyoga.

Saa moja asubuhi nilishika njia ya Murangi, senta iliyo jirani na kwetu, nikaanzia parokiani. Katekista alipekua daftari za ubatizo mpaka machozi yakamtoka. Nyamurusi haikuwemo hata mara moja. Wote tuliandikwa Murangi, na mimi pia. Wazazi wetu waliona haya kutaja porini mbele ya padri, wakataja senta. Hapo ofisi haina kosa, kosa ni letu.

Saa sita bodaboda ilinishusha Nyamurusi, vumbi tupu. Bibi Nyafuru, mdogo wake marehemu bibi yangu, alinipa uji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalo?" alifoka. "Hao wavuvi walikuwaga wanakula nini? Mchanga?"

Akanishika mkono, tukapanda mwamba ulio nyuma ya nyumba. Juu yake kuna mashimo laini, ishirini na matatu, niliyahesabu mwenyewe. Kila mwanamke aliyeolewa hapa alionyeshwa lake na mama mkwe, akasagia mtama hapo mpaka uzeeni, kisha naye akamwachia mkaza mwana. Mengine kiganja kizima kinazama. Bibi alipita shimo kwa shimo akitaja majina.

"Hili la Nyanjiga. Kabla yake lilikuwaga la mama mkwe wake. Huyo sura simjui, jina ndiyo nalijua. Andika, mjukuu wangu!"

Nikaandika kurasa nne. Nilipotoa simu kupiga picha, akanizuia.

"Kwanza saga."

Akamwaga mtama kwenye shimo la bibi yangu. Nikapiga magoti. Viganja vilinibabuka, na unga haukujaa konzi. Nililia, wala si kwa maumivu. Miaka yote mjini, mtu akiniuliza kwetu, nami nimejibu Murangi.

Kesho yake mchana nilikuwa tena Musoma. Karani alitazama picha, akasoma majina, akasema mawe hayana mhuri. Hata hivyo akanipa fomu ya pingamizi. Penye mahali pa kuzaliwa nikaandika Nyamurusi.

"Dada, andika Murangi. Hilo halitambuliki, likate."

Safari hii imenifunza kwamba kabla ofisi haijatufuta, tulikwisha kuanza kujifuta wenyewe. Nikamsukumia fomu pamoja na kalamu.

"Likate wewe," nikamwambia, "mimi nikikutazama."

Akaishika kalamu kitambo. Kisha akaiweka mezani, akaipokea fomu ilivyo.