Siku Kwaya Ilipogeuka Kulia

Wiki nzima nilihesabu hatua za wimbo chumbani, nikihofia kuiaibisha kwaya ya kanisa letu pale Handeni. Jumapili ngoma ikaanza, na waimbaji wote wakageuka kushoto. Mimi nikageuka kulia, uso kwa uso na bibi yangu, mwimbaji mkongwe kuliko wote.

“Nisamehe, bibi,” nikanong’ona.

Akacheka. “Msomi kasema kulia! Twendeni!”

Akageuka, mstari wetu ukageuka, kisha kwaya nzima. Vigelegele vikapanda, vumbi likaelea kwenye jua la dirishani, na miguu yangu ikaenda yenyewe, kama niko ndotoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo, sikuwaza kitu. Nilikuwa namsifu Mungu tu.