Jibu la Josefina

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka michache baada ya uhuru, ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wametandazwa juu ya mchanga wa Uvira na sisi wasichana tunawageuza huku tukisimuliana mapenzi. Umeniuliza riwaya yako uisimulie kwa kinywa kimoja au viwili. Kuuliza si ujinga. Kaa basi, maana siku hizi nina maneno mengi kuliko meno.

Sisi hadithi ya mapenzi tuliisimulia wawili. Mmoja alimsemea kijana, mwingine msichana, na hukuruhusiwa kuingia moyoni mwa asiye wako. Mimi nilimsemea kijana, mvuvi mwenye maringo. Rafiki yangu Josefina alimsemea binti wa wakulima wa mpunga kule Bwegera. Siku hiyo nikampeleka mvuvi wangu kwao kuposa. Josefina akacheka, akasema jibu ni kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wenzetu walimlalamikia kweli.

Kesho yake vita vya waasi vikaingia mjini. Tukakimbilia milimani, na huko baridi na homa vikamchukua Josefina. Tulimzika bila hata jeneza. Nililia, mwanangu, na hata sasa nikimtaja nalia.

Tuliporudi ziwani, wasichana wakanisihi niimalize hadithi. Nikafungua kinywa nimsemee binti wa Bwegera. Mama yake Josefina, aliyekuwa akianika ndagala karibu yetu, akanikatiza.

"Acha, mwana. Weye ulikuwaka unasemea kijana. Minye niko mama yake, nilimuzaa, na sijue angejibu nini. Weye unajua?"

"Hapana, mama."

"Basi umuache anyamaze."

Tukalia wote pale mchangani, na hadithi ile hakuna aliyeigusa tena.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ukichagua kinywa kimoja, mwache huyo mmoja apende bila kujua yaliyo moyoni mwa mwenzake, akose usingizi akijiuliza. Hayo nayo ni mapenzi, tena pengine ndiyo machungu zaidi. Ukichagua viwili, wa pili asiwe wa kuitikia tu. Mpe hasira zake, aibu zake, hata jibu ambalo wewe mwenyewe hulipendi. Mimi nina vitukuu sasa, na bado sijui kama yule binti angemkubali mvuvi wangu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wa kumpenda, na awape nyote wawili umri, ili neno la moyoni mwake ulisikie kwake mwenyewe.