Siku Niliyofunikwa Kanga Nikiwa na Asali Usoni

Nichekeni sasa hivi mmalize, ili nikifika pale penye nyuki mniache nisimulie kwa utulivu. Najua hapa Chemchem, mjini Tabora, bado wapo watu ambao nikipita wananisalimia huku wamebana midomo, na wengine wakinunua asali sokoni lazima waulize kama nimeshapata ya kwangu. Sawa. Mimi ni Zena, mtu mzima, nina duka langu la vitenge, na ndimi niliyekuwa nawaonya wasichana wenzangu wasijipake usoni vitu wasivyovijua. Aibu iliyonikuta mbele ya wakwe zangu sijawahi kuisimulia yote, maana kila nikianza mama yangu ananifinya.

Mzizi wake ni madoa. Yalianza mashavuni, baka moja kila upande, halafu likaja la tatu juu ya mdomo kama kisharubu (hilo ndilo lililoniuma kuliko yote). Kila msimu wa tumbaku huwa nakwenda Goweko kumsaidia bibi mzaa baba kuchuma na kufunga majani, na jua la kule shambani halina adabu. Nilikwenda hospitali, siyo kwamba sikwenda. Nesi wa ngozi, mama mmoja mpole, aliniweka chini ya taa akanigeuza huku na huku, akaniambia huu si uchafu wala si laana, ni jua na mambo ya homoni, nivae kofia pana, kila asubuhi nipake mafuta ya kuzuia jua, usiku nipake krimu aliyoniandikia, halafu nisubiri. Nikamuuliza nisubiri mpaka lini, akasema miezi, Zena, siyo siku. Nikaitikia kwa heshima zote, lakini moyoni nilijua miezi sina.

Sina kwa sababu ya Ramadhani. Huyu ni dereva wa lori, kwao Urambo, tulikuwa tumependana muda mrefu na katika muda wote huo hajawahi kuniona bila poda, au ndivyo nilivyoamini. Akija dukani ghafla nilikuwa namwambia asubiri nje kidogo kuna mteja anajaribu nguo, kumbe mteja ni mimi na kioo na kopo la poda. Sasa kwao wakamleta mshenga, posa ikakubaliwa, ikapangwa siku ya wao kuja kumtambua mwali, na hapo ndipo usingizi ulipoanza kunipaa.

Mnajua mambo yetu. Mwali anakalishwa kwenye jamvi pamoja na wasichana wengine, wote wamefunikwa gubigubi kwa kanga za namna moja, na upande wa mwanamume unamtoa shangazi mtu amtafute aliye wao. Akikosea, faini. Mwali akicheka, akikohoa au akijitikisa akajulikana, faini kwetu. Kwa watu wengine ni mchezo tu wa kuchangamsha shughuli, lakini kwa ukoo wa Ramadhani si mchezo hata kidogo, kwa sababu zamani ami yao mmoja alichumbia mdogo akapewa dada mtu, na wakaligundua wameshafika nyumbani. Tangu hapo Shangazi Kalunde, dada mkubwa wa baba yake Ramadhani, huja mwenyewe, na akisema siye, ndiyo imekwisha, watu wanapanda gari. Ramadhani aliniambia hayo kwa kucheka, mimi sikucheka. Nilifikiria Shangazi akiniinulia kanga kweupe, mbele ya watu wote, poda yote imeyeyuka kwa joto, anakutana na mabaka na kisharubu.

Basi nikaenda kwa mama mmoja mwenye saluni, jina lake naliacha maana tunasalimiana. Akanikorogea mkorogo wake kwenye kopo lisilo na maandishi, akasema nipake kidogo tu, shughuli itakapofika nitang'aa mpaka wakwe wavae miwani. Usiku wa kwanza nikapaka kidogo, asubuhi sikuona kitu. Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, jamani, na mimi nikashika njia ya wajinga. Nikasema kidogo cha nini wakati siku zimekwisha, nikapaka mkorogo mzito kama siagi ya karanga, nikalala nao.

Niliamka siku ya shughuli uso unawaka. Nikashika kioo, na nawaambieni ukweli, madoa kweli hayakuwepo. Hata ngozi yenyewe haikuwepo. Uso ulikuwa mwekundu, umevimba, unachuruzika maji, mahali pengine umemenyeka kama nyanya iliyotiwa maji ya moto. Mama aliingia chumbani akitaka kuniuliza habari ya sahani, akaniona, akakaa chini kitandani. Nikamwomba tuahirishe. Akasema, kwa sauti ndogo sana, watu wameshatoka Urambo, wako njiani, na kwa wale watu ukiahirisha siku yenyewe maana yake umekataa. Nikaanza kulia, na machozi yakipita kwenye ule uso ni kama pilipili.

Bibi ndiye aliyetuokoa, au tuseme ndiye aliyemalizia kazi. Alikuwa amefika kutoka Goweko na dumu la asali ya nyuki wakubwa kwa ajili ya wageni, na kwa bibi yangu asali ni dawa ya kila kitu kuanzia kikohozi mpaka huzuni. Akasema asali haijamuunguza mtu tangu dunia iumbwe, akanilaza, akanipaka uso mzima mpaka masikioni, na kweli moto ukapoa, kwa hiyo simlaumu. Mpango ulikuwa nikae nayo kidogo, kisha nioshwe taratibu, nipakwe mafuta. Lakini wageni, ambao siku zote katika mji huu huchelewa, siku hiyo wakawahi. Tukasikia honi, tukasikia vigelegele mlangoni, na mama akanitupia kanga kichwani na asali yangu usoni, akanisukuma uani.

Tulikaa kwenye jamvi chini ya turubai, mimi katikati, kulia kwangu mdogo wangu Tatu, kushoto mabinti wa mjomba. Ndani ya kanga kulikuwa na joto la tanuri. Asali ikaanza kuyeyuka na kutiririka shingoni. Nikasikia wageni wakikaribishwa, shikamoo na marahaba zikipita, soda zikifunguliwa, na katikati ya hayo nikasikia mtu akilalamika kwamba nyuki wameanza kuja kwenye soda. Ni kiangazi, maua yameisha porini, nyuki wa Tabora wakati huo wana njaa na pua zao zinafika mbali. Nikajua. Mwili mzima ulijua kabla ya akili.

Wa kwanza alitua juu ya kanga, nikamwona kivuli chake anatembea. Wa pili akatua, kisha sikuweza tena kuwahesabu, wakawa wanavuma masikioni mwangu kama redio iliyokosa stesheni. Nikibana kanga chini nitajulikana. Nikisema kitu, faini, na zaidi ya faini, nitaanzaje kueleza? Tatu akaninong'oneza bila kugeuza kichwa, dada, kwako kuna nini. Hapo ndipo mmoja alipoingia kwa chini, akapanda kifuani, akapanda shingoni, polepole kama mtu asiye na haraka, akafika kwenye kidevu akaanza kula.

Shangazi Kalunde naye alikuwa ameshaanza kazi. Namsikia anapita kwa kila mmoja, anashika mikono, anatazama miguu, wanawake wa kwao wanamtania kwamba macho yamezeeka, yeye hajibu. Akapita kwa mabinti wa mjomba. Akasimama mbele yangu. Nikaona vidole vya miguu yake, vimepakwa hina. Akasema kwa utulivu, "Huyu anatetemeka. Mchumba ndiye hutetemeka." Akainama ashike upindo wa kanga, na wakati huohuo yule nyuki, aliyekuwa ameshapanda mpaka jichoni, sijui nilipumua vibaya, akanichoma kwenye kope.

Sikumbuki kuamua chochote. Niliruka, kanga ikaenda huku, mimi kule, nikapita juu ya jamvi, nikapiga teke kreti la soda, nikakimbilia upande ambao sikupaswa kuukimbilia, upande wa wazee wa Urambo, na nyuki wote nyuma yangu. Mshenga wao, mzee wa kanzu na koti, alikimbia mpaka jikoni. Watu wakajifunika mikeka, wengine wakaingia chini ya meza, bibi yangu peke yake ndiye aliyesimama katikati akipunga moshi wa kijinga cha moto na kuwaambia watu wasikurupuke. Nyuki wakahamia kwenye soda zilizomwagika, zikawaokoa watu wote.

Mimi nimesimama ukutani, jicho moja limeziba, uso mwekundu unameremeta asali, vipande vya ngozi vimening'inia. Shangazi Kalunde akaja mpaka karibu, akanitazama muda mrefu, shavu hili, shavu hili, juu ya mdomo.

"Huyu siye," akasema.

Baba akaanza kusema kuna hitilafu imetokea, na Shangazi akamwinulia mkono kwa adabu, akasema hana ugomvi, ila wao hawakuja kwa kubahatisha. "Mwanangu Ramadhani alinieleza alama. Alisema nitazame mashavu, ana madoa mawili na jingine juu ya mdomo, huyo ndiye Zena. Sasa hapa madoa yako wapi?"

Jamani. Ilinichukua muda kuelewa nilichokisikia. Miaka ile yote ya poda, ya kumfungia mtu mlango wa duka, kumbe alikuwa anajua, na zaidi ya kujua aliyataja kwao kama mtu anavyotaja nyumba yake, ile yenye mlango wa bluu. Na mimi nimekwenda kuyachoma. Wanawake wa Urambo wakaanza kukusanya mikoba yao. Mshenga akatoka jikoni akijipangusa majivu, akamwuliza baba, mmetuletea nani? Mama akawa analia wazi. Mwali siku ile hasemi, ndiyo desturi, lakini nikaona nisiposema naachika kabla ya kuolewa.

"Shangazi, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Mwanangu, uso huu siujui." Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Ikabidi Ramadhani aitwe. Naye haruhusiwi kuingia siku hiyo, alikuwa anasubiri barabarani kwenye gari, kwa hiyo alipoingia wazee wote waligeukia pembeni kana kwamba hawamwoni. Alisimama mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze, wallahi, maana niliona macho yake yanatafuta na hayapati, na kwa muda kidogo niliamini naye hanitambui.

Kisha akaniuliza taratibu, "Zena, umejifanya nini?" Akamgeukia shangazi yake, akasema, "Tazama chini ya taya upande wa kulia. Kuna jingine pale, yeye mwenyewe hajui kama lipo."

Kweli nilikuwa sijui. Kioo changu cha dukani hakinionyeshi huko, na nisichokijua sikukipaka mkorogo. Shangazi akachukua ncha ya kanga yake, akanifuta asali shingoni, akaniinua kidevu kuelekea kwenye mwanga. Akalitazama. Akalikwangua kidogo kwa ukucha, isije ikawa ni masizi. Halafu akakiachia kidevu changu.

"Ndiye," akasema, na mikoba ikarudi chini. Vigelegele havikuja mara moja, vilianza kwa mtu mmoja mwenye wasiwasi, wengine wakafuata. Faini ilituangukia sisi, dumu zima la asali likaenda Urambo, na bibi akaliaga kama anaaga mjukuu.

Ramadhani nilimuuliza baadaye aliyaona lini. Akasema siku ya kwanza kabisa, nilikuwa nashuka kwenye gari la Goweko na mzigo, nimejifuta jasho na poda yote imebaki kwenye kitambaa, na hakuona cha kusema kwa sababu hakikuwa kitu cha kusema. Nesi naye nilimrudia. Hakunigombeza, alinisafisha, akaniandikia dawa ya kuungua, halafu akasema lile neno lake, miezi. Sasa natembea na kofia pana kama mwavuli, napaka mafuta ya jua kila asubuhi, na kopo lisilo na maandishi likiingia nyumbani kwangu mimi natoka. Uso ulipopona madoa yalirudi, tena meusi kuliko mwanzo, yanapungua kidogo kidogo kwa mwendo wa kinyonga na mimi nimeyaacha yaende kwa wakati wao.

Mara ya kwanza kwenda Urambo kama mke wa mtu, Shangazi Kalunde alinikuta jikoni nasonga ugali. Hakunisalimu kwanza. Alinishika kidevu, akanigeuza kuelekea dirishani, akatazama shavu hili, shavu hili, juu ya mdomo.

"Eeh," akasema. "Sasa ndiye." Akaniachia niendelee kusonga.