Mama Alimhurumia Mshindi

Katika ua wetu, dishi la kwanza lilikuwa langu. Naanza na hilo ili mtu asije kubisha baadaye. Shuleni sikukaa sana. Karo ilipokatika nilishuka soko la Gikomba nikaanza kubeba bale za mitumba, na mgongo huo huo ndio ulionunua televisheni, dishi na king'amuzi. Vyote nikampelekea mama kwenye nyumba ya kanju, yaani baraza la jiji, aliyotuachia baba, ambaye aliifanyia kanju kazi hadi akafa. Siku fundi alipopanda juu ya paa, aliyekuwa anafua aliacha kufua. Jirani yetu wa mlango kwa mlango, mama mmoja aliyekuwa akiuza uji, alishika kiuno akasema, "Kijana yetu sasa ni mdosi. Tutapiga hodi ama tutalipa kiingilio?"

"Wewe kuja na mboga yako tu," mama akamjibu.

Na kweli walikuja na mboga. Mama, mama wa uji, na msichana wa saluni aliyekodi chumba cha mwisho uani, kila mtu na beseni lake la kunde magotini, wakichambua huku wakitazama.

Ilikuwa ile miaka ambapo vipindi vya watu kufungiwa nyumba moja viliingia huku kwetu. Nikimweleza kijana wa leo anacheka. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika wanawekwa ndani ya nyumba, kamera kila kona, mchana na usiku. Kila wiki watazamaji wanapiga kura, mmoja anatolewa, mpaka anabaki mmoja ambaye ndiye mshindi. Basi, hakuna kingine. Unawasha asubuhi unakuta mtu amelala. Unarudi baadaye, ameamka, anatafuta soksi. Wawili wananuniana kwa sababu ya sufuria chafu. Mimi nilikuwa napitia pale mchana kula, nauliza, "Leo kumefanyika nini?" na mama ananijibu kwa uzito wote, "Yule wa Zambia amefua shati."

Hiyo ndiyo ilikuwa habari, na tuliipokea kama habari.

Waliongea na televisheni kama unavyoongea na jirani ng'ambo ya kamba ya nguo. "Wewe, hiyo ugali bado mbichi, rudisha kwa moto!"

"Hawezi kukusikia," msichana wa saluni anamwambia mama wa uji.

"Atasikia tumbo likimsokota."

Kulikuwa na saa ya kuoga. Kamera ziliwafuata hadi bafuni, na mama alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, mambo kama hayo asingeyakubali. Saa hiyo ikifika aliinuka, akatwaa leso yake, akafunika kioo chote. Wakawa wanasikiliza tu.

"Wamemaliza?" msichana wa saluni anauliza.

"Bado. Nasikia maji."

"Nichungulie kidogo nikuambie?"

"Chungulia kunde zako."

Lakini kitu ambacho hakinitoki ni Jumapili jioni, wakati wa kutoa mtu. Kanisani kwao, mama mmoja akihama au akirudi kwao magharibi mwa nchi, wenzake humsindikiza kwa wimbo mpaka barabarani, na mmoja anamwombea njia. Mama alifanya hivyo hata kwa watu wa televisheni. Mwenye kutolewa alipoanza kufunga begi, mama aliweka beseni chini akasimama.

"Huyu ni wa wapi?"

"Malawi," msichana wa saluni anajibu.

"Hiyo ni mbali. Atapitia Tanzania?"

"Atapanda ndege, mama."

"Hata ndege iko na njia."

Kisha akafumba macho. "Bwana, mpitishe Tanzania salama, umfikishe kwa mamake." Na kule kwenye kioo walikuwa wanakumbatiana kweli, wanalia kamasi, mmoja amembebea mwenzake begi hadi mlangoni. Siku hizo mtu alikuwa amekwambia anatoka mji gani, mamake anauza nini, mdogo wake anasoma wapi. Mama alikuwa na la kumwambia Mungu.

Siku ya fainali ua mzima ulijaa kwetu, wengine wamesimama dirishani. Mshindi alipotajwa, msichana wa saluni alipiga nduru akacheza mpaka akamwaga chai. Mimi nilipiga meza. Lakini kabla ya kumtoa nje kwenye sherehe, walimwonyesha yule kijana akiwa peke yake mle ndani, anapita kati ya vitanda vilivyotandikwa visivyo na mtu. Mama hakuinuka.

"Maskini," alisema. "Nyumba yote hiyo. Sasa anaongea na nani?"

"Mama, ameshinda!" nikamwambia. "Huyo ni tajiri sasa!"

"Nimeona. Lakini wale wengine wote walisindikizwa. Yeye atasindikizwa na nani?"

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Miaka ilienda na mimi nikapanda. Nisiulizwe nilipandaje, waliokuwa Gikomba wanajua. Kutoka kubeba bale hadi kufungua bale zangu, kutoka meza hadi duka, na kutoka duka nikajenga Ruai, pembeni mwa jiji, ghorofa yangu mwenyewe, geti la chuma, vigae mpaka jikoni. Nilimwomba mama ahamie. "Nitakuja nikizeeka," alikuwa akisema, na meno yameshaanza kumtoka.

Vile vipindi navyo vikabadilika. Sijui ni mwaka gani hasa vilinipotea, niliona tu siku moja kwamba sivijui tena. Watu wakaanza kuingia mle ndani wakiwa tayari wanaijua kamera, wamejipaka, wamejipanga, wamekuja na ugomvi wao kutoka nyumbani. Wanamwagiana vinywaji usoni. Baadaye wakaja wa kugombana mezani huku wamevaa dhahabu, kisha wa simu, kila mtu anajirekodi chumbani kwake. Mimi ni muuzaji. Nguo iliyotundikwa mbele ili kuvuta mteja naijua hata nikiwa mbali. Hawa wote wametundikwa mbele. Hakuna anayetafuta soksi.

Halafu ikafika zamu ya mtaa wetu kubomolewa ili pajengwe maghorofa. Watu walipewa muda wa kuhama, na kila mwisho wa wiki mkokoteni ulikuwa unaingia uani kuchukua magodoro ya mtu. Mama alimsindikiza kila mmoja. Mwanzoni walikuwa kina mama wengi na wimbo ulisikika mpaka barabara kubwa. Lakini kila aliyesindikizwa alikuwa sauti moja iliyopungua. Msichana wa saluni, wakati huo ana mabinti wakubwa kuliko alivyokuwa yeye siku za kunde, akahamia mtaa wa Kayole. Mwishowe mama wa uji akaamua kurudi kwao Busia.

Mizigo yake niliibeba kwa pikapu yangu hadi kwenye basi. Mama alitembea kando ya gari, mkono ameuweka kwenye dirisha la mwenzake, anaimba peke yake. Mama wa uji hakuweza kuimba kwa kilio. "Wewe nyamaza," alikuwa akimwambia mama, "sauti yako imeisha, utabaki bubu." Kwenye kona mama akamwombea njia ya Busia, kituo kwa kituo, kama alivyomwombea yule wa Malawi.

Jumamosi iliyofuata nilienda kumchukua. Kamba zilikuwa hazina nguo hata moja. Mfereji ulikuwa unadondosha maji na hakuna aliyeweka ndoo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mabegi yamefungwa, leso mabegani. Nilitaka kumchangamsha, kwa hiyo nikasema kwa sauti, "Mama, umebaki peke yako! Umeshinda!"

Alivuta leso ikakaa vizuri mabegani.

"Ndiyo, baba," alisema. "Sasa mimi nasindikizwa na nani?"

Nilibeba mabegi yote kwa mara moja, maana nguvu bado ninazo. Wimbo ndio sikuwa nao.

Ruai nilimpa chumba cha chini chenye bafu lake. Hakukosa kitu, na mtu asiniambie alikosa. Lakini chakula alikuwa anakirudisha nusu. Mke wangu anatoka mapema kwenda dukani, watoto wakirudi wanajifungia vyumbani na simu, ukuta wetu ni mrefu, na ng'ambo ya ukuta kuna ukuta mwingine. Nikirudi jioni nilimkuta pale nilipomwacha. Alikuwa anakonda mbele ya macho yangu, na mimi nilitaka akae, ale, azeekee kwangu. Nikasema dawa naijua. Nilinunua televisheni pana kama mlango, nikatafuta kile kipindi cha watu kufungiwa nyumbani, na kwa bahati kilikuwa kimerudi na watu wapya. Nikamvalisha miwani.

Walikuwa wanapiga kelele. Matusi yalikuwa yanafunikwa kwa mlio, ikawa mlio mtupu.

"Hawa wanapika saa ngapi?" mama aliuliza.

"Wanaletewa."

"Na kulala?"

"Kulala hawaonyeshi siku hizi, mama. Watu watahama stesheni."

"Mimi singehama."

Alivumilia mpaka Jumapili kwa ajili yangu, naamini hivyo. Jioni hiyo msichana mmoja akatolewa. Mama alishika mkono wa kochi, akajivuta, akasimama. Nilitaka kumsaidia akanisukuma. Kule kwenye kioo yule msichana alipiga begi teke, akawatukana waliobaki, akatoka. Hakuna aliyempeleka mlangoni. Mmoja alikuwa anajitazama kucha.

"Huyu ni wa wapi?" mama akaniuliza.

Sikujua. Nilikuwa nimetazama wiki nzima na sikujua. Wana majina ya jukwaani, kwao hawapasemi.

"Hawajasema, mama."

Alifumba macho, akayafumbua. Kisha akakaa. "Zima, baba."

Nilizima, na hakuuliza tena habari za televisheni.

Mama alifariki kabla mvua ya masika haijakwisha. Nililipa kila kitu na gari lilikuwa zuri. Lakini asubuhi ya kumsafirisha kwenda kwetu Vihiga, nje ya chumba cha maiti nilikuta kina mama wamejaa. Msichana wa saluni alikuwa amewapigia simu waliokuwa majirani uani, waliotawanyika mitaa ya Kayole, Dandora, Umoja. Wengine walikuwa wanatembelea fimbo. Mama wa uji hakuweza kusafiri, lakini alipiga simu kutoka Busia, wakaiinua juu ili sauti yake iingie kwenye wimbo. Walitembea mbele ya gari mpaka barabara kubwa. Kisha msichana wa saluni akaomba njia: Naivasha, Nakuru, Kericho, Kisumu, umfikishe. Mimi, ambaye Gikomba hakuna aliyewahi kuona chozi langu, nililia mbele ya makanga wa matatu na wachuuzi.

Jumapili baada ya kurudi kutoka mazishini nilikuwa sebuleni. Watoto walikuwa vyumbani. Mke wangu alikuwa dukani anafunga hesabu. Niliwasha ile televisheni ili kuwe na sauti ya mtu, na ilikuwa ni wakati wa kutoa mtu. Kijana fulani alivuta begi lake hadi mlangoni, hakuna aliyemfuata.

Nikajikuta nimesimama.

Nilingoja waseme anatoka wapi. Hawakusema. Mlango ulifungwa, matangazo yakaanza, na mimi bado nimesimama na rimoti mkononi, sijui nimwombee njia ya wapi.