Ukuta wa Bafuni Una Homa

Ukuta wa bafu langu ulikuwa na joto kama mgonjwa wa malaria. Niliugusa kwa mkono huu huu. Tatizo, niliugusa nimechelewa.

Jumatano mchana niliua nyuki wanne kwenye sinki la bafuni. Walikuwa wanatokea pale bomba linapoingia ukutani, penye uwazi wa kupitisha kidole.

Mimi si mtu wa kuita fundi kwa tundu la kidole. Nina stashahada, nina mikono. Nikanunua silikoni, nikaziba chini ya sinki. Nikazunguka nje, pale bomba la maji machafu linapotokea. Nyuki wawili watatu wanazungukazunguka. Nikawapulizia dawa, nikaziba na pale.

Nikajipigia makofi.

Alhamisi mama mkwe akagoma kuoga.

Tunaishi naye tangu mwaka jana. Masikio yake yalishakufa; ukimwita, anaitika jirani. Alisimama nje ya bafu, kiganja ukutani.

"Ukuta una homa."

"Mama, ukuta hauumwi!" nikafoka.

"Basi uguse."

Sikugusa. Nilikuwa na chungu jikoni.

Jioni nikampigia wifi yangu. "Wifi, mama yako ameanza kuzungumza na kuta."

"Makubwa! Jumapili nakuja na gari, nimchukue akae kwangu."

Mama alikuwa mkabala nami, ananitazama tu. Nikaongea kwa raha zangu. Si hasikii?

Jumamosi mchana namwogesha Kibogoyo, binti yangu wa miaka sita asiye na meno ya mbele. Kichwa kizima povu, macho kafumba.

"Mama, nani anasaga?"

"Anasaga nini? Fumba macho."

"Humu ukutani. Sikiliza."

Nikafunga maji.

Mvumo. Mzito, wa chini, kama mashine ya unga iliyo mtaa wa pili. Ila huu ulikuwa nyuma ya vigae, usawa wa kichwa cha mwanangu.

Nikaweka kiganja.

Moto. Na ukuta unatetemeka.

Pale bomba la shawa linapotoka ukutani pana kikombe cha chuma. Sikujua kwamba kinaficha tundu. Nyuki mmoja akachungulia ukingoni. Akatoka. Wa pili. Kisha wakamiminika.

Kibogoyo akafumbua macho, sabuni ikamwingia, akapiga yowe. Na mimi, mama mzima, nikaganda.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Mama mkwe. Hakulisikia lile yowe. Alikuwa nje ya bafu muda wote, kiganja ukutani; mtetemo ulipozidi, akaingia. Akamfunika mtoto taulo gubigubi, akambeba, akanikokota na mimi. Tulipotoka akavua kitambaa chake cha kichwa, akakisokomeza chini ya mlango.

Mtoto hakuumwa hata mara moja. Mimi, kumi na moja. Mama nilimchomoa miiba ishirini na tatu, usoni na shingoni. Midomo ikamvimba. Njia nzima ya hospitali nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikijua ni silikoni yangu. Daktari aliposema atapona, nilikaa chini sakafuni.

Mfuga nyuki tuliyemwita alivunja vigae, akatoa masega marefu kama mkono.

"Dada, uliwafungia mlango. Ulitaka watokee wapi?"

"Na lile joto?"

"Ni wao. Wakijazana hivi, ukuta lazima upate moto."

Jumapili wifi akaja, mama keshatoka hospitali. Nikamwambia, "Mama haondoki," nikaenda chumbani kwa mama.

Begi lilikuwa chini ya kitanda. Limejaa, limefungwa. Na hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Mama! Nani alikuambia?"

"Wewe, mwanangu, Alhamisi, kwenye simu. Masikio ndiyo mabovu. Midomo naiona."

Alijua namfukuza. Alijua namwita kichaa. Bado alisimama nje ya lile bafu kumlinda mwanangu.

Nililifungua begi mwenyewe, nikapanga nguo zake kabatini moja moja. Wifi akarudi na gari tupu.

Mwenzangu, ziba matundu ya mabomba, hata yaliyo nyuma ya vikombe vya chuma. Ila kwanza ujue nani anaishi humo. Na mtu wa nyumbani mwako akikuambia ukuta una homa, acha chungu kiungue. Nenda ukaguse.